Nati ya Kufuli Ikiharibika: Itoe Mchana, Usingoje Pancha ya Usiku

Magari mengi tunayoendesha hapa Pwani yalitumika kwanza Japani kabla ya kushushwa Kilindini. Sheria yetu inataka gari linaloingizwa nchini lisiwe na umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo linapofika kwako limeshapita kwa mwenyewe wa kwanza, mnadani, melini na yadini. Katika safari hiyo vitu vidogo hupotea: kitabu cha maelezo, redio, jeki, hata zulia. Lakini kinachopotea bila mtu kujua ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, nacho ni ufunguo wa nati za kufuli.

Nimekuwa fundi wa magari hapa Mombasa kwa miaka mingi, na haipiti wiki bila kuletewa gari ambalo gurudumu lake moja limekataa kutoka. Mwenyewe huwa ameshajaribu, wa pancha ameshajaribu, na vijana wa stejini nao wameshajaribu kwa nyundo. Nati ikifika kwangu imeshakuwa duara kama shanga. Ndiyo maana leo nataka tulizungumze jambo hili tangu mwanzo hadi mwisho, ili mwenye gari ajue anachoambiwa na fundi, na fundi chipukizi ajue aanzie wapi.

Ni kitu gani hasa?

Tazama magurudumu ya gari lako. Nati za kawaida zina pembe 6, na wili spana yoyote ya kipimo chake huzishika. Katika Toyota na Nissan nyingi kipimo hicho ni 21, na katika Honda na Subaru nyingi ni 19. Ukiona katika kila gurudumu kuna nati moja ambayo haina pembe hizo, bali ni ya mviringo na usoni ina mchoro kama ua, nyota au vijishimo, basi gari lako lina nati za kufuli. Kwa kawaida huwa 4, moja kwa kila gurudumu.

Kazi yake ni kumzuia mwizi wa rimu za aloi. Ufunguo wake una pande mbili: upande mmoja una mchoro unaoingia kwenye nati, na upande wa pili una pembe 6 za kushikwa na wili spana. Michoro hutofautiana, kwa hivyo ufunguo wa gari la jirani hautakufaa, hata kama gari lake na lako ni pacha.

Magari ya Ujerumani kama Volkswagen, BMW na Mercedes nayo huwa na kufuli hizi, ila hayo mara nyingi hayatumii nati. Hutumia bolti inayoingia moja kwa moja ndani ya habu. Tofauti hiyo ni kubwa wakati wa kuitoa, nami nitaieleza mbele.

Huharibika vipi?

Sababu ya kwanza ni mashine ya upepo. Kijana wa pancha ana haraka, ana foleni ya matatu mbele yake, basi anatia ufunguo, anabonyeza, na mashine inapiga kwa kishindo. Nati ya kawaida yenye pembe 6 huvumilia. Mchoro wa nati ya kufuli ni mwembamba na hauvumilii. Watengenezaji wenyewe, kama vile McGard ya Marekani, husisitiza kwamba nati zao zifungwe na kufunguliwa kwa mkono. Mashine hiyo hiyo ikitumika kufunga huikaza nati kupita kiasi, na ukija kuifungua kwa mkono kule barabarani ufunguo unateleza na kula mchoro.

Sababu ya pili ni hewa yetu. Chumvi ya baharini haiachi chuma, na gari linalolala karibu na maji, iwe ni Nyali, Likoni au Mtwapa, hupata kutu mahali ambapo gari la Nairobi halipati. Nati ambayo haijaguswa miaka miwili hushikana na bolti yake kama iliyochomelewa.

Sababu ya tatu ni ufunguo wenyewe. Umechakaa, au umepasuka, au si wake kabisa bali ni wa gari jingine na mtu ameulazimisha. Ukiulazimisha mara moja umeharibu vyote viwili, ufunguo na nati.

Gharama yake si ya karakana peke yake

Kuna jirani yangu, dereva wa teksi, ambaye alinunua gari zuri tu yadini, halina hata mwezi mikononi mwake. Alfajiri moja alikuwa anamtoa mamake upande wa Kilifi kumleta Mombasa kusafishwa damu, kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Wanaouguza wagonjwa wa figo wanajua kwamba saa ya mashine ni saa yako, na ikikupita unaanza kuomba. Kabla ya kufika Mtwapa tairi ikapasuka. Spea alikuwa nayo, jeki alikuwa nayo, wili spana alikuwa nayo. Nati 4 zikatoka, ya tano ikamtazama tu.

Watu wema walisimama, kila mmoja na spana yake, lakini hakuna spana ya nati ile. Bodaboda mama hawezi kupanda. Mwishowe mwenye Probox akawabeba, na mama akafika akiwa amechelewa saa nzima, tena hana nguvu ya kusimama. Alhamdulillahi walimpokea. Jirani aliporudi kulifuata gari lake alikuta betri haipo na redio haipo. Rimu zote 4 zilikuwa mahali pake, salama salimini.

Mimi sina la kuongeza juu ya hapo kuhusu faida ya nati hizi. Sasa tuingie kwenye kazi.

Kwanza utafute ufunguo, na uutafute vizuri

Robo ya kazi hizi huisha hapa. Inua zulia la buti uangalie ndani ya mfuko wa jeki, katikati ya tairi ya spea, na ndani ya vijisanduku vya plastiki vilivyo pembeni. Kisha angalia kwenye droo iliyo mbele ya kiti cha abiria, chini ya viti, na ndani ya milango. Wajapani hupenda kuuweka katika kijifuko au kijikasha kidogo ambacho ni rahisi kukidhania takataka. Ukikuta kadi ndogo yenye nambari, iweke kama pesa. Kampuni nyingi zinaweza kukutengenezea ufunguo mwingine kwa nambari hiyo.

Kwa magari ya Ulaya, ulizia kwa wakala wa gari lako. Huwa wana seti nzima ya funguo za aina hiyo na wanaweza kujaribu mmoja mmoja hadi upatikane. Ni afadhali kulipia dakika 10 za kujaribu kuliko kulipia habu.

Matayarisho

Gari likae mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu mengine yawekewe mawe au mbao. Usipandishe jeki kwanza. Gurudumu likiwa limegusa chini halizunguki, na nguvu yako yote inakwenda kwenye nati.

Piga nati kwa brashi ya waya, utie mafuta ya kupenya kutu, kisha usubiri. Wengi hutia mafuta na kuanza kuvuta papo hapo. Yaache nusu saa, na kama una nafasi yaache usiku kucha.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Usifungue nati nyingine. Zikaze! Zile nati za kawaida zikikazwa vizuri, hubeba mzigo wa kubana rimu, na ile ya kufuli hupumua kidogo. Ndiyo sababu nati ya kufuli hufunguliwa ya kwanza na kufungwa ya mwisho. Mtu akishazifungua zote na kuibakisha hiyo peke yake, amemwachia mgonjwa mmoja mzigo wa watu watano.

Njia ya soketi ya kugonga

Hii ndiyo ninayoitumia mara nyingi kuliko zote. Tafuta soketi kuukuu, ya bei nafuu, yenye meno 12 ndani, iliyo ndogo kidogo kuliko unene wa nati. Isiingie kwa mkono, iingie kwa nyundo. Vaa miwani, kwa sababu nati hizi ni za chuma kigumu na kipande kikiruka hakichagui jicho. Igonge soketi kwa nyundo nzito, mapigo machache yaliyonyooka, hadi meno yake yaung'ate mwili wa nati. Usigonge kama anayebomoa nyumba, maana nyuma ya habu kuna beringi, nayo haipendi vishindo.

Ikishang'ata, weka mpini mrefu na uvute pole pole, kinyume cha mshale wa saa. Vuta kwa uzito wa mwili bila kuchupa. Ukisikia mlio mmoja mkubwa kama kijiti kimevunjika, mara nyingi ni kutu imeachia. Nati ikitoka itakuja na soketi yake. Utaitoa baadaye kwa kutia chuma kwenye tundu la nyuma la soketi na kugonga.

Kuna pia soketi maalumu zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye meno yaliyopinda kama parafujo kwa ndani. Kadiri unavyofungua ndivyo zinavyozidi kuuma. Kwa fundi mwenye karakana, seti moja hujilipa yenyewe. Maduka ya spea na vifaa mjini huwa nazo, wewe chukua nati yako iliyoharibika ukapimie.

Nati yenye pete inayozunguka

Baadhi ya kufuli zina ujanja zaidi. Juu ya nati kuna pete inayozunguka ovyo, ili mwizi akigongea soketi, pete izunguke na nati ikae pale pale. Ukiona hivyo usipoteze nguvu zako. Kwanza pasua pete kwa tindo kali na uivue, ndipo ugongee soketi ndogo zaidi kwenye mwili wa nati wenyewe.

Tindo peke yake nayo inaweza kuitoa nati. Unakata kijifuo ukingoni mwa nati, kisha unaipiga kwa pembeni, kuelekea upande wa kufungua. Ni njia ya tangu zamani na inafanya kazi, lakini tindo ikiteleza inakata rimu ya aloi, na alama hiyo haifutiki.

Kuchomelea

Soketi ikishindwa, mchomeleaji hodari anaweza kuchomelea nati ya kawaida juu ya ile iliyoharibika. Joto lenyewe huvunja kutu, na nati mpya inakupa pembe 6 za kushika. Njia ni nzuri, ila ina hatari tatu ambazo lazima uzijue kabla ya kumruhusu mtu.

Kwanza, betri ifunguliwe, na waya wa kurudishia umeme ubanwe kwenye nati ya jirani katika gurudumu lile lile. Ukibanwa mbali, kwenye bodi, umeme utapita ndani ya beringi na kuitia vidoa. Utaanza kusikia mvumo baada ya wiki chache na hutajua ulitoka wapi.

Pili, toa upepo wote kwa kufungua kijivalvu cha ndani, na ufunike rimu na tairi kwa matambara yaliyoloa.

Tatu, na hili nalisema kwa msisitizo, asitokee mtu na moto wa gesi kuipasha rimu joto huku tairi imo. Mpira ukipata joto kali hutoa gesi ndani yake, na gesi hiyo inaweza kulipuka hata kama upepo umeshatolewa. Rimu ya aloi nayo hupoteza nguvu ikipashwa moto. Kuchomelea ni kwa sekunde chache, juu ya nati tu.

Kutoboa

Hii ni njia ya mwisho. Unatoboa katikati ya nati kwa keekee ya kobalti, kwa mwendo wa pole pole na mafuta, ukianza na tundu dogo na kulipanua, mpaka nati iachie au kichwa chake kitoke.

Hapa ndipo ile tofauti ya nati na bolti inapokuja. Katika magari mengi ya Japani, bolti yenye hesi inayotokeza kwenye habu, ambayo mafundi huiita stadi, ni kitu cha kubadilishwa. Ikiharibika hugongwa kwa nyuma ikatoka, na mpya ikavutwa mahali pake. Ni kazi ya saa moja au mbili, na stadi si ghali. Katika gari la Ulaya, hesi iko ndani ya habu yenyewe. Keekee ikipotoka pale umeiharibu habu, na hapo gharama inabadilika jina. Mwenye gari la aina hiyo asikubali kutobolewa na mtu wa kubahatisha.

Ikishatoka, usiharibu tena

Usirudishe nati yoyote iliyo karibu kwa sababu imeingia. Angalia mambo mawili. La kwanza ni hesi. Toyota, Honda na Mazda nyingi ndogo hutumia unene wa milimita 12 na hesi ya 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi hutumia 12 hiyo hiyo lakini hesi ya 1.25. Kwa macho zinafanana, na nati ya moja itaanza kuingia kwenye nyingine kisha itakwama. Ukiilazimisha, umeshaharibu stadi. Anza kufunga kwa vidole, mizunguko kadhaa. Ikikataa vidole, si yake.

La pili ni kikalio cha nati. Nyingine zina mteremko kama kikombe, nyingine zina shingo na washa bapa kama rimu nyingi za aloi za Toyota, na za Honda zina mviringo kama mpira. Nati ya mteremko kwenye rimu ya washa hugusa mahali padogo tu. Utadhani imekaza, kumbe gurudumu linatembea.

Kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka kutoka nati moja hadi ile inayoielekea, na kama fundi wako ana spana ya kupimia nguvu aitumie. Toyota ndogo nyingi hutaka nyutoni-mita 103. Kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Najua wengi wetu hupaka grisi kwenye hesi kwa hofu ya chumvi. Nia ni njema, lakini grisi hupunguza msuguano, na kwa nguvu ile ile ya mkono stadi huvutwa zaidi ya kipimo chake. Safisha hesi kwa brashi ya waya, ziache kavu. Ukitaka kupaka kitu, paka kidogo sana pale rimu inapogusana na habu, ili gurudumu lisigande.

Maoni yangu

Kuna watakaosema nimewafundisha wezi. Mwizi wa rimu anayajua haya kabla yangu, tena yeye hajali kukwaruza. Asiyejua ni mwenye gari. Kwa upande wangu, anayeniletea gari nisilolijua na kutaka nimtoe kufuli, huuliza kwanza hati ya kumiliki gari. Nawaomba mafundi wenzangu wafanye vivyo hivyo, na mteja mwema asione vibaya.

Kama una rimu za bei kubwa na gari linalala barabarani, nati za kufuli bado zina maana. Basi ufunguo ukae mahali pamoja, kila dereva wa gari hilo apajue, na umwambie wa pancha kabla hajashika mashine: hii ni kwa mkono. Lakini kama una Probox, Fielder au Noah ya kazi, ziondoe zote 4 na utie nati za kawaida. Hutaibiwa rimu za chuma, na siku ya pancha utafungua kwa spana ya mtu yeyote aliyesimama kukusaidia.

Na kwa anayenunua gari leo, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe ufunguo huo na aufungue nao gurudumu moja moja mbele yako, yote 4. Akikosa, azitoe yeye kwa gharama yake, gari likiwa bado yadini kwake, mchana, fundi yupo na hakuna mgonjwa anayengoja.